Kumwona Daktari, Elfu Tatu

"Umeniona!"

"Sijakuona."

"Umeniona kwa macho yako yote mawili, Tofali. Usinifanye mtoto!"

"Nimekusikia, Dokta. Sauti yako naijua. Lakini kukuona, haki ya Mungu tena, sijakuona."

Watu wazima hao wawili walikuwa wamesimama uani jua linazama, mmoja huku, mwingine huko, katikati yao kamba ya nguo iliyobeba shuka bichi linalodondosha maji. Kila Dokta alipotaka kumkazia jirani yake macho, upepo ulilipeperusha shuka likamfunika uso. Vyumba vyote saba vya ua ule vilikuwa vimeshafungua milango. Bombani ndoo ilijaa, ikafurika, ikalowesha viatu vya mwenyewe, na mwenyewe hana habari.

Mama Sindano, mke wa Tofali, alikuwa kibarazani na cherehani yake, mguu uko kwenye pedali lakini haukanyagi. Katika ua ule hakuna neno lililopita bila yeye kulipima, kulikata na kulishona upya kabla ya kuligawa. Leo neno lilikuwa la nyumbani kwake, na yeye ndiye wa mwisho kulipata. Hilo lilimchoma kuliko sindano.

"Hebu subirini," alisema. "Mnaishi ua mmoja mwaka wa tatu huu. Asubuhi mmegombania bomba. Sasa mnabishana kama mmeonana?"

"Muulize mumeo, shemeji," Dokta alijibu huku akijifuta maji usoni. "Leo kaingia chumbani kwangu hospitalini amefumba macho. Nikamwambia kaa, akapapasa kiti. Nikampima, nikampa vidonge nilivyokuwa navyo mezani, akaaga, akajigonga mlangoni, akatoka. Kufika dirisha la malipo, anamwambia yule dada eti hajamwona daktari!"

"Si ndivyo ubao unavyosema?" Tofali aliuliza kwa utulivu wa mtu mwenye ushahidi. "Kumwona daktari, elfu tatu. Sikumwona. Nalipa nini? Halafu Dokta, mimi nakuona kila siku hapa na kaptura yako bure kabisa. Hospitalini umeongeza nini, koti?"

Ua mzima uliangua kicheko. Aliyecheka mpaka akashika mbavu ni Brashi, mchora mabango wa chumba cha mwisho karibu na choo, na alikuwa na sababu. Ubao ule ni mkono wake. Miaka nenda miaka rudi watu walilalamika kwamba hospitalini mtu anaingia hajui atatoka na bili gani, mpaka Katibu wa hospitali akaamuru kila huduma iandikwe bei, itundikwe mlangoni, kila mtu asome. Karatasi ya ofisi ilisema "Ada ya uchunguzi na ushauri wa kitabibu." Ubao ukamwishia Brashi kabla maneno hayajaisha. Akakuna kichwa, akafuta kwa mafuta ya taa, akaandika "Kumwona daktari." Yakaenea vizuri, hata nafasi ya kuzitia herufi kivuli ikapatikana.

"Sasa mimi ndiye ninayekatwa mshahara!" Dokta aliendelea. "Aliyehudumia mtu bila risiti analipa mwenyewe. Lakini hizo elfu tatu nazisamehe, sina shida nazo. Mimi nimekuja kwa ajili ya hicho kidole. Shemeji, kakuonyesha kidole chake?"

Kicheko kilikatika. Tofali aliurudisha mkono wa kulia nyuma ya mgongo kama mtu aliyeficha andazi.

"Kaniambia ni mchubuko," alisema Mama Sindano.

"Waya wa kufungia nondo umezama kwenye gumba, sasa kinatunga usaha. Nimempa vidonge. Visipofaa, Alhamisi kinapasuliwa, usaha utolewe. Alhamisi ikipita, tutakuwa tunazungumza habari ya kukikata."

Mama Sindano aliuondoa mguu kwenye pedali. Mumewe ni mwashi. Jina la Tofali hakupewa kwa ukubwa wa kichwa, kama maadui zake walivyosema, bali kwa sababu ukuta wake ukipimwa kwa timazi, uzi hautoki kwenye mstari hata unywele. Mwashi bila gumba atashikaje mwiko?

"Kupasuliwa ni bei gani?" aliuliza.

Dokta alilishika shuka lisimpige tena usoni. "Mtaambiwa dirishani."

"Ubao unasemaje?" Mama Sindano alimgeukia Brashi.

Brashi alikohoa. "Upasuaji mdogo... 'Itategemea.'"

"Itategemea nini?"

"Karatasi haikusema. Niliandika 'Itategemea' kwa wekundu, ipendeze."

"Ndiyo maana," alisema Tofali, akaingia ndani, akajifungia mlango.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mwaka juzi Tofali alilazwa siku nne kwa ajili ya tumbo. Hakuna aliyemwambia bei ya chochote. Alichomwa hiki, akamezeshwa kile, kila mtu anamwambia usijali. Siku ya kutoka alikabidhiwa bili ndefu kama futi ya fundi nguo, na baiskeli yake ikabaki hospitalini. Aliyeinunua ni mlinzi wa getini. Mpaka leo kila asubuhi mlinzi, juu ya baiskeli hiyo, humpita Tofali anayekwenda kazini kwa miguu, na mlinzi ana heshima zake, hawezi kumpita bila kumpigia kengele.

Basi Mama Sindano angekuwa mwanamke mwingine, jioni ile angelia. Lakini yeye akiwa na wasiwasi huzungumza. Alishika ndoo akaenda bombani, na pale bombani, kati ya kusikitikia kidole na kumcheka mwenye kidole, alisimulia jinsi mumewe alivyopapasa kiti kwa daktari. Alitia chumvi kidogo: akasema amesalimia stendi ya kutundikia dripu akidhani ni nesi. Watu wakafa kwa kicheko. Kila mmoja akaondoka na ndoo yake na hadithi yake.

Kulipopambazuka Jumanne, foleni ya hospitali ilikuwa imefumba macho.

Wengine walijifunga vitambaa, wengine walivuta kofia mpaka puani. Mzee mmoja aliyekuja kwa ajili ya mtoto wa jicho alisema yeye huwa haoni hata hivyo, arudishiwe na hela za miaka iliyopita. Watu walishikana mabega wakaingia kama treni. Mmoja aliyefumbua macho kwa bahati mbaya alinyooshewa kidole na dada wa dirisha namba mbili: "Huyo kaona! Huyo kaona!" Akaapa ameona koti tu, uso hajaufikia, wakamtoza nusu.

Katibu wa hospitali, mtu wa tai na jasho, alimwita Brashi mbio. Jioni ubao ukasomeka: "Kuonwa na daktari: 3,000."

"Sasa wafumbe wasifumbe," alisema Katibu, "anayeona ni daktari."

Brashi alilipwa, na safari hii alikuwa mjanja, alitoza kwa herufi.

Jumatano asubuhi Mama Sindano alimkokota mumewe hospitalini kwa nguvu, maana vidonge havikufua dafu. Gumba lilikuwa limevimba, limeng'aa kama bilinganya. Walipofika mlangoni Tofali alisimama, akasoma ubao herufi kwa herufi, akatabasamu.

"Kuonwa na daktari," alisema. "Mke wangu, leo mimi nafumbua."

Ndani kulikuwa na kioja. Dokta wa watu alikuwa amekaa mezani macho kafumba, mwenyewe amechoka, koti limekaa upande. Tangu alfajiri wagonjwa walikuwa wanamsihi, wanamlilia, wanamtishia: Dokta, tafadhali, usinione. Mwanzo alikataa. Alipofika wa kumi na tano alikubali. Alikuwa anapima watu kwa kupapasa, na kusema kweli wengi aliwapatia.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi jirani. Usinione."

"Aa, Tofali. Nipe mkono."

Tofali alimpa mkono, na kwa woga wa kuguswa kwenye maumivu, alimpa wa kushoto. Dokta alilibonyeza gumba huku na huku. Uso ulimng'aa.

"Alhamdulillahi! Limepoa, uvimbe hakuna, hata joto hakuna. Vidonge vimefanya kazi. Nenda zako nyumbani."

"Umesikia?" Tofali alimwambia mkewe, akasimama. "Nimepona."

Mama Sindano aliwatazama wote wawili, mmoja kafumba, mwingine anajifanya haoni. Damu ilimpanda kichwani.

"Siyo hicho!" alipiga kelele mpaka treni ya wagonjwa kule nje ikasimama. "Dokta, fumbua macho! Na wewe, toa mkono wa kulia! Mnataka kunifanya mke wa mtu asiye na gumba kwa sababu ya ubao wa Brashi?"

Dokta alifumbua macho. Aliliona gumba. Aliligeuza kwenye mwanga, na upole wa mkono wake ulimtisha Mama Sindano kuliko maneno yote ya Jumatatu.

"Hili linapasuliwa kesho asubuhi," alisema. "Bila kuchelewa."

"Sifanyi," alisema Tofali.

"Kwa sababu ya elfu tatu?" mkewe alimfokea.

Tofali aliingiza mkono wa kushoto kwenye mfuko wa shati, akatoa elfu tatu, zimekunjwa vizuri. Alikuwa nazo tangu Jumatatu. Akaziweka mezani.

"Hii ya mlangoni ninayo," alisema kwa sauti ndogo. "Mlango siuogopi mimi. Naogopa huko ndani kunakotegemea. Safari ile walichukua baiskeli. Safari hii watachukua nini, cherehani yako? Nikose gumba mimi, wewe ubaki na cherehani, tutakula. Tukikosa vyote viwili je?"

Mama Sindano alisogea mezani. Alivuta futi lililokuwa linamning'inia shingoni, akalizungusha kidoleni, akamgeukia Dokta.

"Dokta, mimi ni fundi. Mteja akiniletea kitambaa, kabla sijatia mkasi namwambia: kushona ni kadhaa, bitana kadhaa, zipu kadhaa. Akiona nyingi, tunaacha zipu tunatia vifungo. Sasa wewe unataka kutia mkasi kwa mume wangu. Bei yake?"

"Shemeji, mimi kazi yangu ni kutibu. Bei..."

"Hujui?"

"Sijui," alisema Dokta. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Miaka tisa naandika hivi vikaratasi. Sijawahi kuuliza kimoja kinauzwaje."

"Basi inuka tukaulize."

Hospitali ile ilikuwa na madirisha matano, na kila dirisha lilijua lake. Dada wa namba mbili alimtazama Dokta kupitia vyuma.

"Wewe ni mgonjwa?"

"Dada, si unanijua! Mimi ni daktari."

"Nakujua. Nauliza unataka bei kama nani? Mgonjwa, namba moja. Ndugu wa mgonjwa, namba tatu. Daktari hana dirisha."

"Niandike ndugu wa mgonjwa."

"Undugu gani?"

Dokta alimtazama Mama Sindano.

"Shemeji yake," alisema Mama Sindano. "Andika."

Wakapanga foleni namba tatu, nyuma ya watu waliofumba macho kwa mazoea. Namba tatu walijua bei ya glavu na wembe, lakini sindano ya ganzi ni namba nne. Namba nne walijua ganzi, lakini bandeji wanajua namba tano, na namba tano amekwenda kuswali. Dokta alisukumwa, akakanyagwa, akaambiwa rudi nyuma baba usijifanye mjanja. Kuna wakati alitaka kuketi sakafuni. Mama Sindano yeye alikuwa amestawi: ameshajua nani anaumwa nini, nani kaachwa na nani, na kila bei iliyotamkwa aliiandika kwa chaki ya fundi kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo.

Mwisho walifika duka la dawa, dirisha la tano, mwenyewe karudi.

"Hii ya kuzuia usaha," Dokta alisoma kikaratasi chake, "bei gani?"

"Hiyo? Elfu arobaini."

Mama Sindano aliacha kuandika.

"Elfu arobaini!" alisema Dokta. "Na nimekuwa naiandika kila siku!"

"Naam, Dokta, tunaona. Ile nyingine ya elfu mbili wewe huitaki."

"Nyingine ipi?"

"Si dawa ile ile? Ipo rafu hiyo hiyo. Hii ina boksi zuri tu." Muuza dawa alimtazama kwa huruma. "Sisi tulidhani unaipenda. Hata kalamu yako, waliyokupa wenye dawa, ina jina lake."

Dokta aliitoa kalamu mfukoni, akaisoma kama anaiona leo. Kweli. Miaka yote mkono ulikuwa unaandika kile jicho linachokisoma. Aliirudisha mfukoni, kisha akaitoa tena, akaiacha pale dirishani.

Wakarudi chumbani. Tofali alikuwa amekaa pale pale, ameukumbatia mkono wake. Mama Sindano alijumlisha kwa chaki, akarudia kujumlisha, halafu akaanza kucheka.

"Cheka na sisi tucheke," alisema Tofali.

"Elfu kumi na nane. Yote. Mlango, wembe, ganzi, bandeji, dawa."

"Kumi na nane ni ngapi?"

"Sketi moja, baba. Sketi moja yenye bitana."

Tofali alimtazama mkewe kuona kama anatania. "Sketi? Yaani siku zote hizi sikulala, nahesabu cherehani, kumbe ni sketi?"

"Na zipu ukitaka."

Aliangua kicheko, akicheka kidole kikamwuma, akasema aah, akacheka tena. Dokta peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Tofali," alisema. "Lile tumbo lako la mwaka juzi. Dawa niliyokuandikia ilikuwa hii hii, ya boksi zuri. Siku nne. Ile ya bei ndogo ilikuwepo kwenye rafu." Akaugusa mfuko wa kalamu, mtupu. "Baiskeli yako niliiuza mimi. Kwa kalamu."

Nje mlinzi alipita, akapiga kengele.

"Haya," Tofali alisema, sauti yake haina hasira wala msamaha. "Kesho saa ngapi?"

Alhamisi kazi ilikwenda vizuri. Tofali aliingia macho wazi, Dokta macho wazi, usaha ukatoka bakuli zima, kama Mama Sindano alivyosimulia, ingawa waliokuwepo walisema ni kijiko. Gumba likabaki mahali pake. Wakati huo huo Katibu alikuwa amegundua neno lisilo na mwanya: "Kuonana na daktari." Kabla rangi haijakauka watu walikuwa wameshasema kuonana ni wawili, basi gharama igawanywe kwa wawili, daktari atoe elfu na mia tano zake. Katibu alifungua tai, akaketi kwenye ngazi, akamwambia Brashi aandike anachotaka. Brashi akaandika "Uliza bei kabla ya mkasi," maneno aliyoyasikia bombani, na chini yake mshale kuelekea dirisha jipya, namba sita: "Madaktari waulizie hapa." Mchana ule foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya wagonjwa.

Jioni chumba cha Mama Sindano kilijaa, kama alivyopenda kijae. Brashi alikuwa ameshika kona yake na sahani yake. Majirani wawili walikuwa kitandani, mmoja juu ya boksi la vitambaa. Tofali aliketi kama bwana harusi, gumba lake jeupe limesimama juu, kila anayeingia anasimuliwa upya.

Dokta alisimama nje ya mlango. Miaka mitatu ua mmoja na hakuwahi kuvuka kizingiti kile. Siku zote alikuwa na haraka. Leo hakuwa na haraka, lakini hakuingia.

"Nimekuja kukitazama kidole tu," alisema. "Kinauma?"

"Kinapwita kidogo," alijibu Tofali. Alimtazama jirani yake aliyesimama pale, koti mkononi, macho yako kwenye vidole vya miguu. Kwa mbali barabarani kengele ya baiskeli ililia. Watu wote chumbani waliisikia, wote wakajifanya hawakusikia.

"Usitazame chini, Dokta," alisema Tofali. "Hapa kuona hakulipiwi."

Mama Sindano alikuwa ameshapakua. Alimsukuma Brashi kwa goti asogee ukutani, akaweka sahani kwenye nafasi iliyopatikana.

"Vua viatu, shemeji, ingia ule. Chakula kinapoa."